Hao wadada kwenye picha za ENIAC walikuwa mamodo kweli?

fundi_waya: Wakuu habari. Nimekutana na picha ya ENIAC, ile kompyuta ya Marekani ya 1946 iliyojaza chumba kizima, mbele yake kuna wadada wawili wanachomeka waya. Jamaa yangu kakomaa eti hao ni mamodo tu, waliitwa kupendezesha picha. Mi naona mbona wako bize sana? Mwenye kujua anijuze.

binti_seva: Mwambie aache hizo, hao ndo walioiprogramu. Walikuwa sita: Kay McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Jeshi liliwaajiri Philadelphia wakawa wanapiga hesabu za njia ya kombora la mzinga, yaani likirushwa hivi litapita wapi litadondoka wapi, na hesabu moja kwa mashine ya mezani inakula masaa 30 na kitu. 1945 wakapewa ENIAC. Sasa hapo hakuna lugha ya programu, hakuna kitabu cha maelekezo, na mwanzoni hata chumbani hawaingii sababu ya siri za jeshi, wamerushiwa michoro ya saketi tu wajijue wenyewe. Wakaisoma wakaielewa. Kuprogramu kwenyewe ndo huko kuchomeka nyaya na kuzungusha maswichi, unaweza kumaliza siku kadhaa mashine haijajibu kitu.

Mzee_Kijiwe: Mnawakuza bana. Mashine ilibuniwa na Mauchly na Eckert, hao walichomeka waya tu.

binti_seva: Mzee wangu shikamoo, ila hayo ndo mawazo ya mabosi wa kipindi kile, kujenga chuma ni kazi ya wanaume, kupanga hesabu ni ukarani wape wasichana. Cheki Februari 1946, wageni wanakuja kuonyeshwa mashine, usiku wa kuamkia onyesho hesabu inagoma: kombora likifika chini halisimami, kwenye namba linaendelea kuzama ardhini. Jennings na Snyder wamehangaika weee mpaka wakaenda kulala. Asubuhi Snyder kaja moja kwa moja kwenye swichi moja kati ya maelfu, kaigeuza, mchezo umeisha. Jioni wakubwa wakaenda kula dhifa, wao hawakualikwa. Huyohuyo Snyder baadaye alikuwepo kwenye kamati iliyotengeneza COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mchomeka waya tu huyo?

Mzee_Kijiwe: Marahaba. Hiyo ya swichi sikuwa naijua.

kaka_wa_Tanga: Jamaa yako hayuko peke yake fundi, Kathy Kleiman, enzi hizo mwanafunzi wa chuo Marekani, alipoulizia picha hizohizo miaka ya 1980 naye aliambiwa ni mamodo, ndo akawasaka wenyewe wakamsimulia. Halafu Uingereza kuna Stephanie Shirley, 1962 kafungua kampuni ya programu, anaajiri wamama wenye watoto wanafanyia kazi nyumbani. Barua za kuomba tenda akisaini Stephanie hajibiwi, akaanza kusaini Steve, milango ikafunguka. Walifanya mpaka programu ya kisanduku cheusi (kile kinachorekodi safari) cha ndege ya Concorde, aisee, kwa penseli na karatasi majumbani kwao.

fundi_waya: Shukrani wakuu. Nimemtumia jamaa uzi huu, kasoma wote, kanijibu "sawa" basi. @binti_seva kuna popote naweza kuona hiyo michoro ya ENIAC? Nataka nijaribu kufuatilia walichokuwa wanachomeka.