Tupeane uzoefu: nyanya za nyuma ya nyumba mnazisimamishaje zisilale chini?

Wadau habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Uani nina miche 18 ya nyanya aina ya Money maker, nafasi sentimita 60 mche kwa mche. Mwaka jana sikuiwekea miti. Mvua za Desemba zilipokolea ikalala yote, matunda yakagusa udongo yakaoza. Nilitupa ndoo nzima, na watoto walikuwa wanazihesabu kila wakitoka shule. Iliniuma sana. Mnatumia nini, na mnaanza lini?

Wa Ujiji
Mkuu, chomeka mti siku ileile unayohamisha mche kutoka kitaluni. Ukisubiri mmea ukue, unakata mizizi. Mimi natumia uti wa jani la mchikichi, huku kwetu hauuzwi, ni wa kuokota. Chagua uliokauka, kwangua miiba ya shinani kwa panga, kata mita 2, futi moja na nusu iingie ardhini. Msimu mmoja unatosha kabisa.

Mama wa Ipuli
Huku Tabora adui ni mchwa. Nilikata miti mizuri, nikafunga nyanya zikafika kifuani. Siku moja naenda kuchuma, nashika mti, unabaki mkononi. Ndani udongo mtupu, limebaki ganda. Mmea na matunda yake ukaja chini mbele ya macho yangu. Sasa ncha ya kuingia ardhini naibabua kwenye moto mpaka iwe nyeusi, na kila wiki nautikisa kidogo kila mti. Pale mchwa walipozidi nimeweka vipande vya nondo.

Halafu kamba, jamani. Msitumie nailoni nyembamba. Shina linanenepa, kamba hainenepi. Nilikuta imezama ndani ya shina, juu majani yamenyauka na chini mabichi. Chana khanga kuukuu, zungusha umbo la nane, kitanzi kimoja kwenye mti na kingine kwenye shina, upite kidole katikati. Anza mmea ukifika sentimita 30, kisha ongeza fundo kila unapopanda shibiri moja hivi.

Urambo
Hili nalisema kwa uchungu. Sisi tunalima tumbaku. Jioni nilikuwa natoka kuchambua majani, mikono inanata, naenda moja kwa moja kufunga nyanya na kung'oa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina. Baada ya wiki kadhaa majani yakawa na mabaka, kijani kibichi na kijani mpauko vimechanganyika, mengine yamejikunja. Bwana shamba akanieleza kuwa kuna kirusi cha tumbaku kinachoingia pia kwenye nyanya, kinasafiri na mikono, nguo na kisu, na hakina dawa ya kupulizia. Mmea ulioupata unang'olewa tu. Siku hizi nyanya nazishika asubuhi, kabla ya tumbaku, nimenawa kwa sabuni. Hata mvuta sigara simruhusu aguse. Mnaolima tumbaku mlisikie hili.

Cheyo
Mbona mimi nina Roma VF na sijawahi kufunga?

Wa Ujiji
Hiyo ni fupi, ndugu yangu, ikifika kimo chake inaacha kupanda. Kijiti cha mita moja na nyasi kavu chini vinaitosha. Ila usiing'oe machipukizi, matunda mengi yanatoka humo. Kung'oa ni kwa ndefu kama Money maker, na uyawahi yakiwa madogo kama kidole cha mtoto.

Mwanga (mwenye mada)
Asanteni sana. Kesho alfajiri naenda kwa jirani mwenye michikichi. Swali moja: khanga ikinyeshewa kila siku haiozi kabla ya mavuno?

Mama wa Ipuli
Ya pamba inamaliza msimu, mwanangu. Ukishavuna zitoe zote uzichome, msimu ujao chana nyingine.