Panadol ya dukani: iendelee kukatwa kwa mkasi?

Wapo wanaotaka panadol iondolewe kwenye maduka ya sukari na viberiti, ibaki famasi tu. Wenzao wanajibu kwamba mtoto akichemka usiku kijijini, duka la jirani ndiyo zahanati. Mimi nasema ibaki dukani, ila mkasi wa kukata pakiti na kuuza kidonge kimoja au viwili uachwe. Tujadili.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli, dawa iliyomo kwenye panadol, kuwa sumu iitwayo NAPQI. Glutathioni, ambayo ini hujitengenezea lenyewe, huikamata sumu hiyo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwapima panya. Walipozuia vimeng'enya vinavyozalisha sumu, madhara yalipungua. Walipoanza kwa kuimaliza glutathioni, ini liliungua zaidi, na seli zilianza kufa akiba iliposhuka kwa takriban asilimia 70. Mwaka 1979 watafiti Griffith na Meister wakatengeneza BSO, kemikali inayozuia kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kuunda glutathioni. Mnyama akipewa hiyo, akiba inakauka kwa sababu anaendelea kuitumia na mpya haiji.

Binadamu hahitaji BSO kufika huko. Njaa inaanza kazi hiyo. Panya aliyenyimwa chakula siku nzima hupoteza karibu nusu ya glutathioni ya ini, na watoto wenye kwashiakoo wamekutwa na upungufu wake kwenye damu. Sasa mtoto hajala siku tatu kwa homa, anapewa panadol ya kukadiria, halafu anaongezwa dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli. Hilo linanitisha kuliko duka lenyewe. Dawa ya kuokoa, N-asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8 tangu dozi kubwa imezwe, wakati dalili za ini huweza kuchelewa siku nzima au zaidi.

Uingereza mwaka 1998 hawakufunga maduka. Waliweka kikomo cha vidonge 16 kwa pakiti ya dukani, famasi 32, na vifo vikapungua. Najua wao walikuwa wanapambana hasa na wanaomeza kwa kujidhuru. Lakini pakiti ilibaki na maandishi yake.

Mtoto wa kilo 10 anatosheka na miligramu 150 kwa mara moja, haifiki hata theluthi ya kidonge cha 500. Mnaotetea mkasi, nijibuni: mama aliyeuziwa vidonge viwili vitupu atalijulia wapi hilo?