Sosi ya kranberi kwa watu 14: vipimo, kuganda na uchungu

BintiMwembe
Habari zenu wapishi. Sikukuu ya Shukrani mwaka huu italiwa kwetu hapa Denver, tutakuwa watu 14. Bata mzinga yupo, mkate wa mahindi upo, imebaki sosi ya kranberi, kale katunda kadogo kekundu kachachu. Ya kopo sitaki, nataka kuipika kutoka tunda bichi. Pakiti za dukani ni za aunsi 12, yaani gramu 340.

Naomba kujua: zinatosha pakiti ngapi, na kila moja inataka sukari na maji kiasi gani? Mapishi mengine yanasema dakika 10 jikoni, mengine yanasema hadi kipimajoto kisome nyuzi 104. Nifuate lipi? Wazee wanapenda ile inayokatika kwa kisu, vijana wanapenda yenye tunda zima. Je, naweza kupata zote mbili bila kutia jelatini, ile ya kugandishia? Wageni wengi ni Waislamu, na pakiti nyingi za jelatini hazisemi imetoka kwa mnyama gani. Halafu, nikiipika Jumatatu itafika Alhamisi ikiwa nzuri?

FundiShira
Dada BintiMwembe, tuanze na hicho kipimajoto, kwa sababu huko milimani ndicho kinachoharibu sosi za watu.

Nyuzi 104 ni kipimo cha usawa wa bahari. Jemu au jeli huganda ikishachemka kwa joto linalozidi joto la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 hivi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye 100, ndipo ikapatikana 104. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 95, kwa hiyo shabaha yako ni 99. Ukingojea 104 maji yatakuwa yamekauka kupita kiasi, na sosi ikipoa itakuwa ngumu, inanata menoni. Chemsha maji matupu kwanza, tazama kipimajoto chako kinasoma ngapi, kisha jumlisha 4. Na hiyo ni kwa ile ya kukatika tu. Ya tunda zima haihitaji kipimajoto.

Vipimo kwa pakiti moja: sukari kikombe 1 (gramu 200) na maji kikombe 1 (mililita 240). Utapata vikombe viwili na robo. Ukimhesabia kila mtu robo kikombe, pakiti moja inatosha watu 9. Kwa watu 14 chukua pakiti mbili, moja ya tunda zima na nyingine ya kukatika, kila moja na sufuria yake. Usizipike pamoja, zinataka moto na muda tofauti.

Kwanza chambua. Toa tunda lililolegea, lenye doa la kahawia, na vikonyo. Usitegemee kwamba bovu litazama ukiliosha: kranberi ina vyumba vya hewa ndani, ndiyo maana wakulima wa Wisconsin na Massachusetts hufurika mashamba maji wakati wa kuvuna ili tunda lielee likusanywe. Bovu nalo linaweza kuelea. Tumia vidole.

Tunda zima: chemsha maji na sukari hadi shira iwe angavu, mimina kranberi, moto wa wastani. Zitaanza kupasuka kwa mlio. Tumia sufuria ya lita 3 na uiache wazi, povu linapanda ghafla. Koroga polepole kwa mwiko bila kuponda. Robo tatu zikishapasuka, kwa kawaida dakika 8 hadi 10 tangu lianze kuchemka, epua. Itaonekana nyepesi, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Pektini ya kranberi, ile asili ya tunda inayogandisha jemu, hushika sosi ikipoa, si ikiwa motoni. Anayengoja iwe nzito ndani ya sufuria hupata kitu kikavu kesho yake. Akizidi kuichemsha hapo, asidi ya tunda huanza kuivunja pektini yenyewe, na sosi haigandi tena hata ikikaa friji siku nzima.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Alumini tupu hapana kabisa, asidi hii inaila na sosi inapata ladha ya chuma.

MamaIliki
Nakubaliana na FundiShira, naongeza ya kukatika.

Jelatini huihitaji. Kranberi ina pektini na asidi ya kutosha, ukiweka sukari inayostahili inaganda yenyewe. Hapa sukari isitangulie. Ngozi ya tunda ikikutana na sukari kabla haijalainika hukakamaa, jambo zuri ukitaka tunda libaki na umbo, lakini ni baya ukitaka kulichuja. Chemsha pakiti moja na kikombe 1 cha maji peke yake kwa dakika 10, zote zipasuke na kulainika. Mimina kwenye chujio la waya na usugue kwa mgongo wa mwiko hadi juu zibaki ngozi kavu na mbegu. Kwangua pia chini ya chujio, rojo zito hung'ang'ania huko, na ndilo lenye pektini nyingi. Watu wengi huliacha, halafu wanashangaa jeli haishiki. Usitumie blenda: inasaga mbegu na ngozi pamoja, uchungu unabaki ndani.

Pima rojo ulilopata. Kila kikombe 1 kipate sukari robo tatu kikombe (gramu 150). Rudisha motoni, koroga mfululizo kwa sababu sasa linaungua upesi, na angalia hiyo 99 yako. Kama kipimajoto hukiamini, weka kisahani ndani ya friza kabla ya kuanza. Dondosha tone juu yake, ngoja nusu dakika, lisukume kwa kidole. Likikunjamana usoni, tayari. Likikimbia, ongeza dakika moja upime tena, na sufuria iwe nje ya moto wakati unapima. Mimina kwenye bakuli uliyoipaka mafuta kidogo sana yasiyo na harufu, iache ipoe, kisha friji usiku kucha. Kuitoa, pitisha kisu pembeni na uchovye kitako cha bakuli kwenye maji ya moto kwa sekunde 10.

Viungo: kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 4 zilizopasuliwa, karafuu 2 kwa pakiti. Karafuu ya nne tu inatosha kuifunika kranberi yote. Vifunge kwenye kitambaa chepesi, vichemke na shira, uvitoe kabla ya kuweka tunda. Ukipenda chungwa, badili nusu ya maji kwa maji ya chungwa na ukune ganda, ile sehemu ya rangi peke yake; utando mweupe ni mchungu, na kranberi ina uchungu wake tayari. Chumvi chembe chache inaupunguza uchungu huo kuliko kijiko kizima cha sukari.

BintiMwembe
Asanteni sana. Kuna mgeni mwenye kisukari. Nikipunguza sukari hadi nusu kikombe itaganda? Na ikitoka nyepesi au nzito mno, inarekebishwa vipi?

FundiShira
Ya tunda zima itashika, ila kwa ulaini. Ya kukatika haitakatika: pektini ya aina hii inahitaji sukari nyingi ndipo ishikane. Kwa hiyo punguza kwenye ya tunda zima, na umtengee huyo mgeni chombo chake. Ili nusu kikombe isiwe kali mdomoni, weka robo kijiko cha chai cha baking soda kwa pakiti, tangu mwanzo pamoja na maji. Inatuliza asidi. Itatoa povu jingi, usishtuke, lakini usizidishe: rangi inageuka zambarau iliyofifia na kushika kunapungua. Erithritoli, kitia utamu badala ya sukari, inafaa, ila ikikaa baridini hufanya chembechembe kama mchanga, basi iliwe siku hiyohiyo. Asali ni sukari pia kwa mwenye kisukari. Kwa wengine weka robo tatu kikombe na upunguze maji vijiko viwili vikubwa.

Nyepesi: hakikisha kwanza imepoa kabisa, saa 4 ndani ya friji. Ikiwa bado, irudishe motoni dakika 3 hadi 5. Nzito: ipashe kidogo, ongeza maji kijiko kikubwa kimoja kimoja.

Jumatatu ni siku nzuri, ladha ya viungo hutulia. Chombo cha kioo chenye kifuniko, siku 10 friji haina neno. Usiifunike kwa foili ikigusana nayo, asidi hutoboa foili. Ya tunda zima unaweza hata kuigandisha ndani ya friza. Ikiyeyuka huachia maji kidogo, koroga tu. Ya kukatika usiigandishe, hupoteza umbo. Kranberi mbichi zinazobaki ziweke friza na pakiti yake, mwaka mzima, na uzipike zikiwa bado na barafu kwa kuongeza dakika 2 au 3.

JikoLaNgong
Kwa tulio Nairobi, hesabu ya kipimajoto inakaribia ile ya Denver: maji huchemka kwenye 94, basi lenga 98. Tatizo letu ni tunda lenyewe. Kranberi kavu za supamaketi zimeshatiwa sukari, na zikipikwa hazigandi kama mbichi.

Kinachokaribia zaidi ni rozela mbichi, ile choya. Ina uchachu na wekundu uleule. Toa vikombe vyekundu vya ua, uviweke kando. Vifuko vya mbegu vilivyobaki usitupe, ndivyo vyenye pektini: vifunike kwa maji, chemsha dakika 20 hadi 30, chuja, na maji hayo yenye utelezi ndiyo utakayopikia vile vikombe hadi vilainike. Kisha sukari, robo tatu kikombe kwa kila kikombe cha rojo, na jaribio la kisahani kama alivyoeleza MamaIliki. Choya kavu itakupa rangi na uchachu bila kushika, kwa hiyo chemsha nayo tufaha moja la kijani lililokatwa na maganda na mbegu zake, uchuje kabla ya kutia sukari.