Kesi za uzembe wa daktari ziamuliwe na juri? Mjadala

Mizani (mwanzisha mada): Marekani, mgonjwa anayedai kuumizwa na uzembe wa daktari anaweza kufikisha madai yake mbele ya juri: dereva wa basi, mwalimu, fundi bomba, watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu kisha wakachujwa na mawakili. Kalifornia juri huwa ya watu 12, na kura 9 zinatosha kuamua. Msimamo wangu ni kwamba daktari aliyetetewa vizuri hana sababu ya kuiogopa juri. Nani anapinga?

Stetoskopu: Mimi hapa. Mtu asiyejua ateri na vena zinatofautianaje atapima vipi uamuzi wa dharura uliofanywa ndani ya dakika nne? Kila upande unaleta shahidi mtaalamu wake, wote wamelipwa, wote wana shahada. Juri inabaki kuangalia nani ana ulimi mtamu. Uingereza waliachana na juri kwenye kesi hizi; jaji anasikiliza peke yake na kuandika sababu za hukumu. Juri inajaza fomu ya maswali, basi, inakwenda zake nyumbani.

Mizani: Umeitaja Uingereza, sawa. Kile kipimo cha Bolam cha 1957, kwamba daktari si mzembe akifuata utaratibu unaokubalika kwa kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyo, kilitokana na maelekezo ya jaji kwa juri. Na juri ile iliipa ushindi hospitali.

Fomu unayoidharau ndiyo ngao ya utetezi. Swali la kwanza: mdaiwa alifanya uzembe? Jibu likiwa hapana, kesi imekwisha. Likiwa ndiyo, linafuata la pili: uzembe huo ulichangia kwa kiasi kikubwa madhara haya? Chukua mfano wa saratani ya mapafu. Eksirei ya mwaka uliotangulia ina kivimbe cha milimita 9, nusu yake kimefunikwa na ubavu. Wakili wa mdai anaikuza picha ukutani na kuchora mshale mwekundu. Hapo hata mtoto atakiona. Utetezi urudishe picha ile ile bila mshale, kwa ukubwa wa kawaida, katikati ya nyingine zilizosomwa zamu ile, kama msomaji wa picha alivyoikuta. Halafu aitwe mtaalamu wa saratani aulizwe: kingegunduliwa mapema, ugonjwa ungekuwa hatua gani, na matibabu yangebadilika? Ukileta mtaalamu wa picha peke yake umejibu swali la kwanza tu, la pili umemwachia mdai.

Masijala: Mnabishania juri wakati kesi zinafia kwenye faili. Mfumo wa kumbukumbu za kompyuta unatunza nani alifungua ukurasa gani, saa ngapi, akabadilisha nini. Kalifornia mdai anatakiwa kumpa daktari taarifa siku 90 kabla ya kufungua kesi. Sasa daktari anapokea barua, usiku anaingia kwenye mfumo kuongeza mstari mmoja: “Mgonjwa alielezwa hatari zote.” Yawezekana ni kweli alielezwa! Lakini saa ya kuandikwa inaonekana, na wakili ataiweka kwenye skrini. Baada ya hapo hakuna mjumbe wa juri atakayemwamini hata akitaja jina lake. Barua ikifika, iarifu kampuni ya bima, faili usiliguse, na usimsimulie daktari mwenzako, maana mtakuja kuulizwa mazungumzo hayo chini ya kiapo. Mazungumzo yenye kinga ni yale unayofanya na wakili wako.

Sauti ya Mgonjwa: Mnaongea kana kwamba mgonjwa ni mwizi. Tangu 1975 Kalifornia iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na mateso, na hakikupanda hadi sheria mpya ilipoanza 2023: 350,000 kwa majeruhi na 500,000 kwa kifo, zikipanda kila mwaka kwa miaka 10 mpaka 750,000 na milioni 1. Juri haiambiwi. Inaandika milioni 4, jaji anazikata. Mstaafu hana mshahara aliopoteza wa kudai nje ya kikomo hicho, kwa hiyo wakili akipiga hesabu ya kuwalipa mashahidi wataalamu anaikataa kesi mapema. Huko Georgia mahakama ya juu ya jimbo ilikifuta kikomo kama hicho mwaka 2010, ikisema kinavunja haki ya juri. Mnaosifia juri, mbona hamsemi hilo?

Mizani: Nalisema: hapo uko sahihi. Ukiiamini juri kupima uzembe, iamini pia kupima hasara.

Stetoskopu: Na kulipa nje ya mahakama nako kuna mwiba. Tangu 1990 malipo yoyote ya bima kwa niaba ya daktari, hata madogo, huripotiwa kwenye kanzidata ya taifa ya kumbukumbu za madaktari, ambayo hospitali huikagua kabla ya kuajiri. Someni mkataba wa bima: je, kampuni inaweza kulipa bila ridhaa yako?

Mizani: Kweli. Mtego mwingine uko kwenye mahojiano ya kiapo kabla ya kesi, wakili wa mdai anapokuuliza: “Daktari hapaswi kamwe kumweka mgonjwa hatarini, sivyo?” Ukisema ndiyo, umejifunga, kwa sababu kila upasuaji una hatari. Jibu la kweli ni “inategemea hali ya mgonjwa,” kisha unyamaze.

Masijala: Kuna jambo moja linalowahusu wenzetu Waswahili wanaofanya kazi hospitali za kule. Kiingereza kina neno moja, “sorry”, kwa pole na kwa samahani. Sheria ya Kalifornia inayatenganisha kama sisi: maneno ya kumpa pole mgonjwa au jamaa zake hayawi ushahidi wa kosa, lakini “nilikosea” yanaingia mahakamani. Colorado tangu 2003 inakinga hata kukiri kosa. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa kwa wafiwa, jua uko jimbo gani.