Chati ya Uingereza inapima mfuko wa msikilizaji, na watu wanaiita chati ya muziki

Wakuu, habari za Ijumaa.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalimwaga hapa. Chati ya muziki ya Uingereza, ile ya kila wiki, singo 100 na albamu 100, imeharibiwa na hao hao wanaoitengeneza. Muziki mzuri upo tele, sina shida na wasanii. Shida yangu ni hesabu. Inachezewa hadharani, kwa kanuni zilizoandikwa kabisa, halafu kila wiki tunatangaziwa namba moja kana kwamba ni kura halali ya wasikilizaji.

Kwa wasioifuatilia: wiki ya chati inaanza Ijumaa na kuisha Alhamisi usiku. Zamani ilikuwa ikitangazwa Jumapili, ikahamishiwa Ijumaa Julai 2015 ili iendane na siku ambayo nyimbo mpya zinaachiwa karibu dunia nzima. BBC Radio 1 wanaanza kuisoma saa kumi jioni kwa saa zao. Kwetu hiyo ni saa kumi na mbili jioni kipindi chao cha joto, na saa moja usiku kipindi cha baridi. Kinachopanga nafasi za nyimbo bado kinaitwa mauzo, ila kwenye singo sehemu kubwa ni watu kusikiliza kwenye simu. Usikilizaji huo uliingizwa kwenye hesabu ya singo Julai 2014, mara 100 sawa na kopi moja. Januari 2017 wakapandisha ikawa 150. Mpaka hapo nilikuwa nao, maana kila mtu alipimwa kwa kipimo kimoja.

Julai 2018 ndipo walipotugawa. Anayelipia kifurushi cha mwezi, mara 100 kopi moja. Anayesikiliza bure kwa kuvumilia matangazo, mara 600 ndiyo kopi moja.

Mtoto wa dada yangu yuko Leicester, anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kodi ya chumba na nauli vinamaliza mshahara, kwa hiyo halipii muziki. Simu mfukoni, spika sikio moja tu ili amsikie msimamizi, na kila baada ya nyimbo chache linaingia tangazo la bima ya gari, yeye gari hana. Huyo binti anajua singo mpya kabla haijafika redioni. Ananitumia WhatsApp alfajiri, "Mjomba sikiliza hii," na mara nyingi wiki mbili baadaye naikuta kumi bora. Mwenzake wanayepanga naye maboksi analipia. Wimbo ule ule, ghala lile lile, usiku ule ule, mwenzake akiusikiliza mara moja yeye inabidi ausikilize mara sita ndipo wawe sawa. Nielezeni hilo linahusiana vipi na muziki kupendwa.

Najua jibu lao: anayelipia anaingiza pesa nyingi zaidi. Sawa, hiyo ni hesabu ya wahasibu wa lebo, yaani kampuni za muziki, wakagawane huko ofisini. Chati hii ilipoanza, Novemba 1952, Percy Dickins wa gazeti la NME alikuwa akipiga simu kwenye maduka kama 20 ya santuri na kuuliza nini kimeuzwa sana wiki hiyo. Al Martino akawa namba moja wa kwanza. Muuza duka hakuulizwa mnunuzi alikuja kwa basi au kwa gari lake. Santuri ikitoka dukani ni moja, basi.

Haya, tuje kwenye kanuni inayoniudhi kuliko zote. Tangu 2017, wimbo ukishakaa kwenye chati kama wiki kumi hivi na ukateremka wiki tatu mfululizo, wanaukata. Usikilizaji wake unahesabiwa nusu. Anayelipia sasa anahitaji mara 200 kwa kopi moja, wa bure mara 1,200. Chukua wimbo wa dakika tatu na nusu: mara 1,200 ni saa 70 za kusikiliza bila kupumzika. Saa 70 za binti wa Leicester zinaandikwa kopi moja! Na nyimbo za zamani ndizo zinaishi kwenye kiwango hicho cha nusu karibu siku zote. Mr. Brightside ya The Killers iliingia 2004, haikuwahi kupita namba 10, lakini imeshapita wiki 400 ndani ya 100 bora, na miaka yote hii ya karibuni imekuwa ikibaki humo huku inakatwa. Bila kukatwa ingekuwa wapi? Hilo hutaliona kwenye chati, na ndicho ambacho mimi na wewe tungependa kujua.

Mliokuwepo 2022 mnakumbuka ya Kate Bush. Running Up That Hill ni wimbo wa 1985, wakati ule uliishia namba 3. Mwishoni mwa Mei 2022 ukapigwa kwenye tamthilia ya Stranger Things, watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakaupenda. Ukapanda mpaka namba 2, nyuma ya Harry Styles, huku usikilizaji wake ukihesabiwa kwa kile kiwango cha nusu. Makelele yakawa mengi, wakauondoa kwenye kiwango hicho, na wiki iliyofuata ukawa namba moja, miaka 37 baada ya kutoka. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini tafakarini kilichotokea: wasikilizaji ni wale wale, wimbo ni ule ule, alichobadilisha mtu ofisini ni kipimo. Kate Bush alikuwa na jina, na nyuma yake kulikuwa na tamthilia kubwa ya Netflix. Je, wimbo wa msanii mdogo unaofufuka taratibu kwenye simu za watu, bila lebo ya kuuombea msamaha, nani atautetea?

Watetezi wa chati mnasema kanuni ya kukata nusu ipo ili singo mpya zipate nafasi. Basi nendeni upande wa albamu mkaone. Kule hakuna kukata nusu. Greatest Hits ya Queen ni ya 1981, ABBA Gold ni ya 1992, Legend ya Bob Marley ni ya 1984, na zote zinarudi kwenye chati ya albamu wiki nenda wiki rudi. ABBA Gold ilikuwa ya kwanza kufikisha wiki 1,000 ndani ya 100 bora, Julai 2021. Queen wao wamepita kopi milioni 7 Uingereza peke yake, hakuna albamu iliyouza zaidi nchini humo. Mimi kama Mzanzibari nafurahi sana Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mtoto aliyezaliwa Unguja 1946, bado anawatoa jasho vijana wa leo. Lakini mantiki iko wapi? Bohemian Rhapsody ya Queen ikisikilizwa leo, kwenye singo inakatwa nusu kwa sababu ni kuukuu, na kusikilizwa huko huko kunaisaidia albamu bila kile kiwango cha nusu. Ofisi moja, Ijumaa moja, kanuni mbili zinazopingana.

Kanuni ya nyimbo tatu nitaipitia haraka. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu na nyimbo zake 16 zikajaa kwenye 20 bora. Kero? Ndiyo, redio ile wiki ilichosha. Ila ndicho Waingereza walichosikiliza. Wakaweka ukomo, msanii mkuu asizidishe nyimbo tatu kwenye chati ya singo. Oktoba 2025 Taylor Swift akashika namba 1, 2 na 3 kwa wakati mmoja, na zile nyimbo nyingine tisa za albamu hiyo hiyo hazikuonekana popote, utadhani hakuna aliyezigusa.

Sasa ya albamu, na hapa ndipo mfuko unapoonekana waziwazi. Ili albamu ipate kopi moja kwa usikilizaji, anayelipia anahitaji mara 1,000 na wa bure mara 6,000. Lakini shabiki mwenye pesa ananunua albamu ile ile yenye jalada la bluu, kisha ya jalada la waridi, kisha yenye sahihi, kisha ya kidijitali yenye wimbo mmoja wa ziada, na hizo ni kopi nne. Santuri nyingine hazitolewi hata kwenye nailoni yake. Ndiyo maana unaona albamu inaingia namba moja kwa kishindo, wiki ya pili huioni hata 40 bora.

Juni 2024 niliona kitu ambacho mpaka leo sijakisamehe. Charli XCX, Mwingereza, ametoa Brat, albamu ambayo kila mtu kule aliizungumzia kiangazi chote. Wiki hiyo hiyo yakaachiwa matoleo mapya ya kidijitali ya albamu ya Taylor Swift iliyokuwa sokoni tangu Aprili, yanauzwa Uingereza tu, kwa muda mfupi. Taylor akashika namba moja, Brat ikaingia namba 2. Charli akasubiri mpaka Oktoba, akatoa toleo la rimiksi ndipo akaipata namba moja. Simlaumu Taylor, anatumia mlango ulioachwa wazi. Nawalaumu walioshika kitasa. Anayesikiliza bure wanamkata mpaka moja ya sita, anayenunua kitu kimoja mara nne wanamwongezea!

Ninachotaka ni kidogo tu. Mara moja iwe mara moja, awe analipia au halipii. Mnunuzi mmoja, albamu moja, ihesabiwe kopi moja hata akinunua majalada kumi. Na kama hawataki kuacha kukata, basi watoe orodha mbili kila Ijumaa, iliyokatwa na isiyokatwa, tuzione sambamba.

NYONGEZA baada ya kusoma michango:

Mchangiaji uliyesema hata Marekani wanafanya hivyo: ni kweli, Billboard, wanaotengeneza chati za kule, nao waliwatenganisha wa bure na wa kulipia mwaka 2018. Lakini kwenye albamu walianza na mara 1,250 kwa anayelipia na 3,750 kwa wa bure, yaani mara tatu. Uingereza ni mara sita. Usiniletee Marekani kama utetezi wakati wao wenyewe hawakufika huko.

Mkuu uliyeuliza Mswahili ana uchungu gani na chati ya wazungu: Burna Boy alifika namba moja ya albamu kule 2023, chati ya Afrobeats ya Uingereza ipo tangu 2020, na wasanii wetu wa Bongo wanautaka huo mlango. Vijana wengi wa Kiafrika ninaowajua kule, wanafunzi na wa mishahara midogo, wanasikiliza bure. Hao hao ndio waliofanyiwa mara sita. Ukitaka muziki wetu upande, anza kuuliza masikio ya watu wetu yanahesabiwaje.

Na aliyeuliza orodha isiyokatwa inapatikana wapi: Spotify na Apple Music wana orodha zao za kila siku kwa kila nchi. Fungua za Uingereza wiki nzima mpaka Alhamisi usiku, Ijumaa jioni ziweke kando ya chati rasmi, uanze na nyimbo zilizozidi miezi mitatu. Ukiona tofauti, piga picha ya skrini uiweke hapa hapa kwenye uzi.