Tupeane uzoefu: nauli ikipanda au steji ikihamishwa, wewe unajulishwa na nani?

Binti Bombo

Habari za jioni ndugu zangu. Jumanne nilitoka soko la Owino, Kampala, na mafurushi mawili ya nguo za watoto, nikapanda teksi (matatu) ya Bombo. Nauli niliyozoea ni shilingi 4,000, na kondakta aliitaja hiyohiyo kabla sijaketi. Tukiwa Kawempe akakusanya pesa za sote. Tulipofika Kagoma gari likasimama, akashuka, akanong'ona na mwenzake wa teksi iliyokuwa mbele yetu, kisha tukaambiwa tuhamie kule. Abiria wa Kampala wanalijua jambo hili kwa jina lake: tulikuwa tumeuzwa.

Teksi ya pili ilikuwa na watu kumi na wawili. Sisi tulikuwa wanne. Waliingia vijana wawili wepesi wa miguu, nikabaki kando ya barabara na mzee mmoja, saa moja na nusu usiku, mafurushi chini, matone yameanza. Teksi iliyotuchukua mwishowe ilitaka 3,000 tena kwa kila mmoja. Mzee hakuwa nazo. Nilimlipia, na niliona jinsi alivyoona aibu, mtu wa umri wa baba yangu aliyekwisha kulipa nauli yake kamili.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Teksi hizi ndizo miguu yetu. Lakini nauli ikipanda, njia ikikatwa, steji ikihamishwa, habari naipata mlangoni, mguu mmoja ukiwa ndani. Naomba kila mmoja aseme yake: ulijulishwa na nani, na ilikugharimu nini? Tusitaje namba ya gari wala jina la mtu. Nataka tuyaweke pamoja, nina mahali pa kuyapeleka.

Wa Kireka

Pole sana dada. Mimi ni mtu wa treni. Ile ya abiria ya Kampala na Namanve ilipoanza Desemba 2015 nilikuwa miongoni mwa waliopanda wiki ya kwanza, na tangu hapo naitetea mbele ya kila mtu. Tiketi ina bei moja, kwenye jua na kwenye mvua. Wakati teksi zimeganda Banda na Nakawa, sisi tunapita pembeni tukiwatazama watu vichwa vimelala kwenye vioo.

Taabu yake ni kwamba ni chache: asubuhi na jioni, basi. Ukichelewa dakika tano kazini umerudi kwenye teksi. Na 2023 iliposimamishwa ili reli itengenezwe, bajeti ya nyumba yangu ilivurugika. Matengenezo yalihitajika, reli ile ni ya wakoloni. Lakini miezi yote ile hatukuwekewa hata basi moja la kushika nafasi yake. Kila asubuhi nilikuwa nalipa zaidi na kufika nimechelewa, mpaka msimamizi wangu akaanza kuniandika.

Iliporudi mwaka uliofuata nilijua kwa kusikia honi yake nikiwa nafua nguo. Nilifurahi mpaka mke wangu akacheka. Hata hivyo honi si tangazo.

Mama Nateete

Kwangu ni mvua. Wingu likitanda, 1,500 inakuwa 3,000, hakuna aliyetangaza chochote. Nauza mboga, faida ya siku nzima wakati mwingine ni hiyo tofauti.

Kondakta wa Bwaise

Nimesoma yote na sitawatetea wanaouza abiria. Ni vibaya, hasa usiku. Nawaombeni mnisikilize nami upande wangu.

Gari si langu. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili, iwe mvua imenyesha au Rais amepita barabara ikafungwa saa mbili. Kabla ya hesabu kuna mafuta. Kabla ya mafuta kuna madalali wa steji, kila anayeita abiria anataka chake, hata kama abiria alikuja mwenyewe. Kuna kodi ya mapato inayolipwa mapema, 20,000 kwa kila kiti kwa mwaka, kwa hiyo teksi ya viti 14 ni 280,000. Kuna ada ya paki. Kuna leseni ya gari.

Mnakumbuka 2020. Usafiri wa umma ulisimamishwa Machi, tukakaa nyumbani zaidi ya miezi miwili. Tuliporudi Juni tuliruhusiwa nusu ya viti, nauli ikaongezwa mara mbili. Mafuta hayakupungua nusu. Halafu Januari 2022 madereva wa malori wakakwama Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, petroli ikaadimika, bei ikaruka. Kila pigo la namna hiyo linashuka kutoka kwa mwenye gari hadi kwa dereva, hadi kwangu, na mimi ndiye ninayekutazama wewe usoni nikikuambia imepanda. Mimi pia naambiwa asubuhi ileile.

Teksi inauza watu kwa sababu imebaki na wanne, na kuwafikisha wanne Bombo ni kula hasara ya mafuta kwenda na kurudi. Sisemi ni haki. Nasema hesabu ndiyo hiyo.

Na mimi nina swali langu. Tunalipa kila kiti, kila mwaka. Steji yangu haina paa, haina choo. Akina mama wajawazito wanasimama juani. Ningeona hata benchi moja la saruji, ningelipa nikiwa na moyo mkunjufu.

Binti Bombo

Kondakta, asante kwa kuja kusema, sikutegemea. Hilo la hesabu nimelielewa kuliko nilivyolielewa Jumanne. Ila niambie: mkiona mmebaki wanne, kwa nini msirudishe sehemu ya nauli kabla ya kutuhamisha?

Kondakta wa Bwaise

Inawezekana. Wako wanaofanya. Chama cha steji kikisema ni sharti, itafanyika na kwa wengine.

Mwalimu wa Lukaya

Yangu ni ya Mei 2023, maji ya mto Katonga yalipobomoa daraja la barabara ya Masaka. Nilikuwa Kampala na shemeji yangu aliyetoka hospitali, nimeshakata tiketi za basi za asubuhi. Tulipanda, basi likaondoka, na ni Mpigi tu tulipotambua kwamba tunakata kulia kuelekea Kanoni na Sembabule. Kondakta akapita akikusanya nyongeza. Redio ilikuwa imetangaza tangu usiku kwamba barabara imefungwa. Waliotuuzia tiketi alfajiri walijua.

Sikulalamikia nyongeza, mzunguko ule ni mrefu na ni vumbi. Nilichokosa ni nafasi ya kuchagua. Ningeambiwa dirishani, ningemlaza mgonjwa kwa ndugu yetu Ndeeba siku mbili. Badala yake alitikiswa njia nzima na mshono wake ukavuja. Lukaya iko upande wa pili wa daraja, kwa hiyo tulipelekwa hadi Masaka, kisha tukatafuta gari la kuturudisha nyuma.

Mtoto wa Gulu

Sisi wa kaskazini tunakufahamu mwalimu. Daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024, ndugu zangu walizungushwa Mbale, Soroti na Lira kuja nyumbani. Tofauti ni kwamba ile ilitangazwa mapema na watu wakajipanga. Tangazo linasaidia. Tuliumia mfuko, lakini hakuna aliyeshtukizwa njiani.

Abiria wa magurudumu

Natumia kiti cha magurudumu, nakaa Ntinda. Teksi tano hupita kabla moja haijasimama. Inayosimama inanitoza viti viwili, kimoja changu na kimoja cha kiti changu kilichokunjwa. Nabebwa mlangoni kama gunia na watu ambao, Mungu awabariki, huwa hawajaombwa. Paki ya zamani ya teksi ilipofungwa 2020 itengenezwe, steji yetu ilisogezwa mahali penye mtaro. Kwa mtu mwingine ni hatua moja ya kuruka. Mimi niliacha kwenda mjini miezi minne.

Mkiyapeleka maoni haya popote, tafadhali wekeni hili: steji ikihamishwa, aende kwanza mtu kama mimi aione.

Niliyekaa Dar

Nilifanya kazi Dar es Salaam, na mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ilianza Mei 2016 nikiwa Kimara. Sitawadanganya, inajaa, asubuhi unapigania mlango. Lakini bei imeandikwa, kituo kina paa na sakafu inayolingana na mlango wa basi (dada wa Ntinda angeingia bila kubebwa), na njia ni yake peke yake hadi Kivukoni.

Kampala tuliwahi kujaribu. Machi 2012 yaliletwa mabasi makubwa ya rangi ya machungwa, yapata mia moja. Mimi niliyapenda. Yaliingizwa barabarani bila njia yake, yakasimama kwenye jam ileile na teksi, na mwisho wa 2013 yakaegeshwa kwa sababu ya mgogoro wa kodi. Mabasi mia bila njia ni magari zaidi kwenye foleni. Mpango wa njia za mabasi ya kasi wa Kampala umekuwa kwenye makaratasi zaidi ya miaka kumi, na siku hizi Jinja yanaundwa mabasi ya umeme ya Kayoola. Mabasi tunaweza kuyaunda wenyewe. Fedha inayokosekana ni ya kile kipande cha lami cha kuyapitishia, na ya vituo. Kila bajeti ikisomwa Juni mimi hutafuta hilo kwanza, kabla ya kitu kingine.

Wa Kireka

Niliyekaa Dar, umesema neno. Na treni waiongezee safari ya saa tatu usiku.

Binti Bombo

Wapendwa, nimeyaandika yote kwenye daftari. Mwenyekiti wa steji yetu ya Bombo ni jirani ya mama yangu, na Jumapili alikubali nimwone. Nitampelekea mambo matatu tu ili asichoke: nauli iandikwe kwenye ubao, ya kawaida na ya usiku, abiria akihamishwa njiani arudishiwe sehemu ya pesa zake, na steji isisogezwe kabla mtu wa kiti cha magurudumu hajapaona. La paa na choo Kondakta amekubali tuende wote kwa diwani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye risiti za alicholipa.

Ubao fundi ananitengenezea kwa 35,000, nimeshatoa 10,000. Ninachohitaji kwenu ni nauli. Kila mmoja aniandikie anayolipa asubuhi, jioni na siku ya mvua, na steji anayopandia. Mama Nateete tayari. Mwalimu, ya Lukaya naisubiri.