Naomba ushauri: Salvador, Brazili, mwezi Februari

Habari zenu wakuu. Mwakani mimi na mke wangu tunataka kwenda Salvador, tuwahi sherehe ya Iemanjá, mungu wa kike wa bahari, tarehe 2 Februari pale mtaa wa Rio Vermelho. Kinachonivuta mno ni chakula: acarajé, bhajia za kunde zinazokaangwa kwa mawese, na moqueca, samaki wa tui la nazi ambaye sisi watu wa Tanga hatutamshangaa.

Shida ni kwamba mke wangu kamba wanamdhuru vibaya, na hata vatapá, rojo zito linalojazwa kwenye acarajé, hupikwa kwa kamba waliokaushwa. Ale nini barabarani kwa usalama? Pia tulale Pelourinho, mji mkongwe, karibu na ngoma za kikundi cha Olodum, au Barra ufukweni? Usiku kunatembeleka? Waliofika huko nisaidieni tafadhali.